Mimi Nani?

Ting. Sauti hiyo iliganda masikioni mwa Bi Muhuri, kwani kompyuta ililia hivyo kila ilipokubali kifurushi cha programu na kukipitisha.

Wenzake kazini walimbandika jina la Bi Muhuri kwa sababu ndiye aliyemtengeneza "mlinzi": programu ya kukagua saini za vifurushi, yaani alama za kuthibitisha vimetoka kwa nani, kabla havijaingia kwenye mitambo ya hospitali. Ilibaki siku moja mlinzi huyo aanze kazi, na mkuu alikwisha kumsifu Bi Muhuri mbele ya watu.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemgombeza mama yake. "Mama, mtu akibisha unauliza nani, akisema 'mimi' unafungua. Hata mwizi ni mimi."

"Haya, mwalimu," mama alijibu.

Mchana kazini, mtani wake wa meza ya pili alituma kifurushi alichokitia saini ya kujitungia: Panya Buku. Ting. Kikapita.

"Dada, mlinzi wako ana adabu," alisema. "Kamkaribisha panya, kampa na kiti."

Bi Muhuri akaikagua kazi yake. Programu iliuliza kama kifurushi kina saini. Haikuuliza saini ni ya nani. Akaenda kumwomba mkuu aahirishe uzinduzi. Sifa zikayeyuka kama chumvi majini.

Jioni alifika nyumbani akiburuta miguu, akabisha.

"Nani?" mama aliuliza toka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?" Komeo halikusogea. "Hata mwizi ni mimi."

Bi Muhuri aliegemeza paji la uso mlangoni.

"Panya Buku," alinong'ona.