Vidole Visivyosomeka

Karatasi ilirudi imepigwa muhuri wa neno moja: hazisomeki. Alama za vidole vyangu kumi, zilizochukuliwa kituoni Machakos ili nipate cheti cha tabia njema, zilikuwa madoa meusi tu. Bila cheti hicho hakuna viza, na bila viza hakuna ile kazi ya udobi katika kambi ya jeshi la wageni huko Ghuba. Wakala alinipa wiki tatu za kupata alama zinazosomeka. Baada ya hapo, alisema, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na waliokuwa wakiingoja walijaa kwenye benchi la ofisi yake.

"Umekuwa ukifanya kazi gani?" afisa wa alama aliniuliza nilipoirudisha karatasi kituoni, akivigeuza vidole vyangu kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Kokoto. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nikigonga mawe na mama kando ya barabara ya Kathiani, mkono mmoja nyundo, mwingine umeshika jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi. Pasipoti yangu ilitoka kwenye mawe hayo. Na mawe hayohayo yalikuwa yamenisugua vidole vikawa laini kama sahani. Nilicheka, lakini kwa hasira.

"Pumzisha mikono," afisa akasema. "Usiguse hata sufuria. Ngozi itarudi."

Kwetu msichana wa miaka kumi na tisa hapumzishi mikono. Na sababu hatukuweza kuisema, maana safari haitangazwi mpaka ndege iwe imepaa. Watu wana macho, na jirani aliyechinja mbuzi wa kuagana mapema yuko shambani kwake hadi leo. Mama akanikataza nyundo, jembe, sabuni, hata kupepeta maharagwe. Jioni alinipaka samli vidoleni, kisha akaenda kufua nguo zangu. Mchana aligonga kokoto peke yake. Nikiwa nyumbani niliisikia nyundo yake, moja badala ya mbili, na nilichukia kila pigo.

Wiki ya pili jirani mwingine alipokea wageni wa mahari. Wasichana wote walikuwa kwenye kinu wakitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda. Mimi nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Huyu ni mgonjwa ama ndiye bibi harusi?" mwanamke mmoja akauliza, kwa sauti iliyofika hadi langoni.

"Ako tu sawa," mama akajibu.

"Kama ako sawa, si atwange? Ama anangojea kuolewa na mzungu?"

Wakacheka. Mchi ukaletwa mbele yangu. Mimi ni mtu wa hasira, na tayari nilikuwa nimeunyoosha mkono, nitwange mpaka kinu kipasuke na midomo yao ifungwe. Mama akauwahi mchi. Alitwanga zamu yangu, kisha zamu ya msichana aliyenifuata, mbele ya wanawake wenzake, bila kuinua macho. Hakuna aliyecheka tena, lakini wakati wa kula hakuna aliyekaa karibu nasi.

Wiki ya tatu tulirudi kituoni pamoja.

"Legeza mkono, usinisaidie," afisa akasema, akiviringisha kidole gumba changu kwenye karatasi. Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda ambao kwangu haukuwa na mwisho.

"Hii sasa ni alama," akasema.

Mama alifurahi hadi akasahau yuko mbele ya polisi. "Afande, hata mimi niwekee nione zangu."

Afisa akacheka, akampaka wino, akaviringisha vidole vyake kimoja kimoja kwenye karatasi iliyotumika. Yakatoka madoa kumi, bila mstari hata mmoja. Akarudia kidole gumba, safari hii polepole sana. Doa tena.

"Mama, hata wewe pumzisha mikono," akasema. "Wiki tatu tu, kama msichana wako."

Nilikuwa nimepata safari yangu, na nililia pale kaunta kama mtu aliyenyimwa.

"Mimi siendi mahali," mama akasema, akijifuta wino kwenye leso. "Harakisha, lori ya kokoto inakuja saa nane."