Skana Niliyoipima Mwenyewe

Bado nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Ofisi yetu hapa Mkuyuni ilinituma kuchagua skana ya michoro mikubwa. Ilipoletwa, ramani ya gati la Nansio ikagoma kuingia. Nikamwakia muuzaji mbele ya bosi.

"Mnatuona washamba? Mnatuletea kimashine cha kuskani vyeti!"

"Kaka, tumefuata vipimo ulivyotupa."

"Muongo mkubwa! Ramani hii hii niliipima kwa mkono wangu!"

Mama Kabula, mtunza kumbukumbu wetu, akanyanyuka. "Baba, uliipimia wapi?"

"Humo humo kabatini kwako!"

Mama Kabula akaikunja ramani mara mbili, kama inavyokaa kabatini siku zote, akaisukuma kwenye mashine. Ikaingia sawasawa.