Milingoti Niliyoipanda Kwenye Chemchemi

Ipo siku moja ya mwezi wa nane ambayo hunijia kila nikikaa kupumzika, mwanangu, na siku hizi napumzika mara nyingi kuliko ninavyolima. Baridi ya Julai ilikuwa imepungua. Mama yangu alikuwa amesimama kwenye tope hadi vifundoni, anazibua mfereji wa kinyungu chake. Mimi nilikuwa juu yake kidogo, kwenye chemchemi, napanda milingoti, ile miti ambayo wengine huiita mikaratusi.

Nikueleze kwanza kinyungu, maana wengine mmekulia mjini, Mbeya au Iringa, na bonde mnalijua kwa kulipita ndani ya basi. Huku kwetu Mufindi shamba la mlimani linangoja mvua ya Novemba. Bonde halingoji. Baridi ikishapita unafyeka majani, unayalaza, unayafunika kwa udongo mweusi, unapata matuta mapana yenye mifereji katikati, halafu unapanda maharage na mahindi wakati mlimani bado ni vumbi tupu. Wenzako wa mlimani wakiwa kwenye palizi, wewe unachemsha mahindi mabichi. Na kinyungu kina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kabla hujalima chako, unazibua mfereji hadi ndani ya kinyungu cha anayekufuata chini, hatua kumi hivi. Wa juu anamfanyia kazi wa chini, naye anamfanyia wa chini zaidi, hivyo hivyo hadi mtoni. Sisi tulikuwa juu kabisa. Nikadhani chemchemi ni yetu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini wakati ule hilo lilimfanya mtu aitwe kila nyumba kusoma barua. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, nikaona nguzo za umeme zinavyoondoka kwa malori, nikarudi nyumbani na milingoti kichwani. Baba alishafariki. Tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu Veronika, aliyerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa yake kuvunjika. Mimi nilikuwa na vibarua vya hapa na pale. Veronika hakuwa na kitu isipokuwa nusu ya kinyungu kile, nusu ya chini, na watoto wake walikula kutoka pale.

Mlimani tulikuwa na ardhi ya kutosha. Ningeweza kupanda huko. Lakini miche hutaka kumwagiliwa hadi mvua ianze, na kupandisha ndoo za maji mteremko ule kila jioni ni kazi. Niliona uvivu, nalitaja neno hilo kama lilivyo. Kwenye chemchemi udongo umelowa mwaka mzima, mche unajinywea wenyewe.

Mama aliacha jembe akapanda hadi niliposimama.

"Baba," akaniambia, maana nilipewa jina la baba yake na ndivyo alivyoniita siku zote. "Hiyo miti si ya hapa. Ipeleke mlimani."

"Mama, miti inaleta mvua. Tumefundishwa shuleni. Penye miti pana maji."

"Miti ipi?"

"Miti yote, mama. Haya mambo yana vitabu vyake."

Akanyamaza. Mama hakujua kusoma, nami nilijua kwamba nikitaja kitabu atanyamaza. Veronika, aliyekuwa akifyeka majani kule chini, akapaza sauti: "Mwache, mama. Mvua ikija itauliza kwanza nani ana cheti." Nikacheka. Mama hakucheka. Alirudi kwenye tope lake akaendelea kumzibulia jirani.

Nilichojibu siku ile kilikuwa nusu ya ukweli. Ipo miti inayotunza chemchemi, hata wazee wetu waliijua na kuiacha. Mlingoti hunywa tu. Kwa kutojua kwangu, mtu akinicheka naweza kumsamehe. Kinachonichosha hadi leo ni kwamba "miti ipi" lilikuwa swali zuri, nami nililifunga kwa sababu sikuwa na jibu.

Mwaka wa nne milingoti ilikuwa mirefu kuliko nyumba, na watu walikuja kuniuliza siri ya miti yangu. Mwaka huo huo mama alizibua mfereji, maji yakafika kwa Veronika siku ya pili badala ya saa ile ile. Mwaka uliofuata akachimba hadi kina cha goti. Mwaka wa sita, pale palipokuwa na jicho la chemchemi palibaki unyevu wa kutosha nyuki kunywa. Maharage ya Veronika yaliota, yakawa ya njano, yakakauka na maua yake.

Ndipo akaja mzee mmoja aliyelima kinyungu cha tatu kutoka chetu. Alikuja asubuhi, jembe begani.

"Kamwene," akasalimu kikwetu.

"Kamwene, baba. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuletea jembe." Akaliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Mimi sina pa kulima tena kabla ya mvua. Mwenye maji ni wewe, labda wewe litakufaa."

Akaondoka. Mwanangu, mtu mwenye akili angechukua shoka asubuhi ile ile. Mimi nilipima unene wa miti. Nikawaambia mama na Veronika kwamba nguzo hazijafika kipimo, zinahitaji miaka miwili tu.

"Miwili?" Veronika akasema. "Na watoto wangu wale nini hiyo miwili, magome?"

"Nitawasaidia."

"Utanisaidia nini, kaka, na kilichokuwa changu umekinywa?"

Hakugombana zaidi. Wiki ile alifunga vitu vyake akapanda basi la Mbeya, akashuka Uyole, akaanza kwa kuokota viazi mviringo kwenye mashamba ya watu. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Mimi nilijifanya nina kazi mlimani.

Miaka miwili ikapita, nikavuna, nikaezeka nyumba ya mama kwa bati. Sikumwambia neno. Nilimwezekea nyumba nikadhani nimesema. Na visiki vilipochipua, kila kimoja machipukizi manne, matano, nikayaacha yakue tena, kwa kuwa yalikuja bila jasho. Mama alifariki kabla machipukizi hayo hayajafika kuvunwa, mwezi wa tisa, kwa homa ya siku chache.

Baada ya mazishi nilishuka bondeni kutafuta jembe lake. Nililikuta limelala kwenye kinyungu kikavu. Mfereji ulikuwa umezibuliwa mwaka ule, umenyooka, kingo zake zimepigwapigwa vizuri. Nikaufuata kwa miguu. Ulipita nusu ya Veronika, ambako hapakulimwa tangu aondoke, ukaingia kwa jirani hatua kumi. Hapakuwa na tone la maji la kupita humo. Alikuwa ameuzibua hivyo hivyo, mikono yake ya miaka sabini na zaidi.

Nilikaa kwenye ukingo ule mpaka watu wakaja kuniita nyumbani kula.

Kuanzia hapo nilikata. Mlingoti ukiukata unacheka tu, unarudi. Ilibidi nichimbe kisiki kimoja kimoja, nikate mizizi, nichome. Vingine vilinichukua wiki. Mgongo huu mnaouona umepinda si wa uzee peke yake. Maji yalikawia miaka mingi, na yaliporudi yalikuwa membamba kama kidole, lakini yalitembea. Nikamtafuta Veronika.

Nilimkuta sokoni Uyole, ameketi nyuma ya mafungu ya viazi, anafuta udongo kwa kitambaa. Miaka yote ile tulikutana misibani tu, tukisalimiana kama majirani.

"Kaka, umezeeka."

"Wewe je?"

"Mimi nimekaa juani nauza. Wewe uliyekaa kivulini kwenye miti yako una sababu gani?"

Wanawake wa meza ya pili wakacheka. Nikasubiri wamalize. Nikamwambia maji yamerudi kidogo, arudi alime nusu yake. Nikamwambia nilikosea, tangu siku ya kwanza, na kwamba nilijua nimekosea tangu siku ile mzee alipoleta jembe lake. Alimpimia mteja sado moja, akamwongezea viazi viwili, akamshukuru. Kisha akanigeukia.

"Haya maneno mama uliwahi kumwambia?"

"Hapana."

"Basi mimi nina bahati kuliko mama." Hakusema kwa hasira, na ningeona afadhali angekasirika. "Sirudi, kaka. Nina kibanda changu hapa, nina wajukuu. Na magoti haya hayaingii topeni tena. Ulichelewa."

Akanifungia viazi kwenye mfuko kwa safari ya kurudi.

Nusu ile nailima mimi. Nalima polepole, tuta moja kwa siku, siku nyingine nusu tuta. Mahindi yakikomaa namtumia kwa basi. Msimu uliopita alinipigia simu. "Yamefika. Tumechemsha," akasema, akakata. Huo ndio undugu niliobakiwa nao, na ninaupokea.

Sasa nakusemesha wewe, mwanangu. Nawaona na pampu zenu na mabomba, mnapandisha maji ya mabonde hadi kwenye parachichi. Sisemi ni vibaya. Nasema kabla hujawasha mashine, shuka. Tembea kwa miguu hadi kwa mtu wa mwisho anayetumia maji hayo, usimtume mtu, ukamwambie unachotaka kufanya, na ungoje jibu lake hata kama anajibu polepole. Asiyejua kusoma akikuuliza swali, usitafute neno la kumnyamazisha. Kama huna jibu, sema huna. Na ukishakosea, sema kwa mdomo wako, kwa aliyekosewa, akiwa bado hai na magoti yake yakiwa bado na nguvu. Mimi nilisema baada ya mmoja kuzikwa na mwingine kuchoka. Kusema kwangu kulinipunguzia mimi mzigo, wao hakukuwapa kitu.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na udongo unaokubali jembe. Akupe majirani wa chini wanaofurahi kukuona ukishuka. Na uzee wako uchoshwe na kuvuna, usichoshwe na kung'oa.