Bonfils na Redio Siku ya Msiba

Jirani yangu Bonfils anaamini kila kitu kibovu kinatengenezwa kwa kuongeza sauti.

Mke wangu Concessa alipofariki, vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwao. Ndugu zake wangejua kwa tangazo la redio tu, litakalosomwa mchana na tena jioni. Mimi nilitaka kulisikia jina lake likisomwa.

Bonfils akaleta redio yake kubwa, akaiweka sebuleni. Viti na mapazia tulikuwa tumevitoa nje kwa waombolezaji. Zilibaki kuta na saruji. Maneno yakagonga huku na huku, yakapandana.

"Bonfils, sisikii kitu."

"Ngoja niongeze, mzee."

"Apana! Peleka chumbani, kule kuna godoro, litameza mwangwi."

"Chumbani padogo, mzee. Watu wa nje watasikia nini?"

Akaongeza. Bati likatetemeka, tangazo likapita.

Jioni nikaibeba mwenyewe, mgongo ukiniuma, nikaiweka kati ya godoro na vitenge vya Concessa. Bonfils akanifuata akilalamika.

Jina likasomwa, la Concessa na la baba yake, safi, kama mtu anaongea kitandani.

Bonfils akanyoosha mkono aongeze. Nikaupiga.