Mjomba Yusto na Usingizi wa Dizeli

Bibi ndiye aliyenituma. "Mwanangu halali tangu wazime zile mashine. Nenda Mpanda ukamlete hapa Inyonga apumzike." Mwanawe huyo, Mjomba Yusto, amezeekea kwenye majenereta ya dizeli yaliyokuwa yanawasha Mpanda. Sasa umeme wa gridi umefika, majenereta yamebaki akiba tu.

Asubuhi, kwenye basi, jamaa mmoja akaropoka: "Yale madude yalikuwa moshi na mgao tu."

Nikamgeukia. "We! Lori la mafuta likikwama kwenye tope, hilo kosa la mashine? Simu yako ulikuwa unachajia wapi, juani?"

Konda akanibembeleza nikae. Nikakaa, ila zile nguzo mpya za umeme nilizinunia njia nzima.

Mpanda nilifika mchana. Mjomba alikuwa amekaa kwenye jengo la mashine, peke yake na harufu ya dizeli.

"MPWA WANGU! BIBI YAKO MZIMA?"

"Mzima, mjomba. Mbona unapiga kelele, humu si kimya?"

Akacheka, macho mekundu. "Ndiyo shida yenyewe. Zamani mlio ukibadilika kidogo tu, naamka. Sasa nikilala sisikii kitu, najua mashine imezima, mji uko gizani. Naruka kitandani, kumbe taa zinawaka!"

"Na hawa wanaoitukana mashine yako?"

"Waache, mpwa. Gridi nzuri, dizeli ilikuwa inakula hela. Mimi nataka kulala tu."

Akaomba likizo, tukarudi.

Inyonga, Bibi alishatandika chumba cha nyuma na kufukuza mpaka majogoo. Kimya tupu. Asubuhi Mjomba akatoka na macho yale yale. Bibi akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa kanga. "Hata kwangu hakulala."

Mimi na Mjomba tukaenda kusaga mahindi. Mashine ya jirani bado ya dizeli. Ikawaka, du-du-du-du! Kugeuka, Mjomba kaegemea gunia, mdomo wazi, anakoroma.

"Huyu baba mlevi?" mama mmoja akacheka. Nikafura, ila nikaogopa kumwamsha. Nikamkimbilia Bibi.

Tulipofika foleni ilikuwa imeisha, mwenye mashine kashika swichi.

"Usizime!" Bibi akasema. "Nina mahindi mengine."

Akanituma nyumbani debe baada ya debe, mpaka ghala likabaki vumbi. Yule mama aliyecheka, alipoelezwa kisa, akaleta na la kwake.

Safari nzima nilimpigania Mjomba kwa mdomo. Siku ile nilijifunza kunyamaza na kubeba mahindi.