Nepi Mlangoni pa Banda

"Shangazi wa kuku anawalisha dawa ya kuvimbisha," alisema msusi, vidole vimezama kwenye nywele za mteja, sauti ameishusha kiasi cha kusikika ua mzima. "Kaungaunga hivi. Nimekaona kwa macho yangu haya. Jumamosi tunamwendea wote. Banda liondoke, tumechoka kunuka."

Mama mtoto alikuwa anaanika nepi pembeni. Mkono ulisita kwenye kibanio. Mwezi uliopita nepi hizi alizikausha chumbani, nyingine zikining'inia juu ya kitanda, maana nje zilikuwa zinanasa harufu ya banda. Leo yuko uani tangu asubuhi na pua yake haijalalamika.

Akambeba mwanawe mgongoni, akavuka uchochoro.

Shangazi alikuwa amepiga magoti kando ya banda, mwembamba kama ufito, anachanganya chakula cha kuku. Tangu afiwe na mume, kuku hawa wa nyama ndio waliomrudishia kicheko.

"Shangazi, wanasema unawavimbisha kuku. Jumamosi wanakuja wote, wanataka banda liondoke."

"Ningejua kuvimbisha, si ningeanza na mashavu yangu?"

Akainua pakiti. "Ni vimeng'enya, mwanangu. Vinamsaidia kuku kusaga chakula tumboni. Zamani nusu ilikuwa inapita tu, choo majimaji, maranda chapachapa, mtaa unanuka. Sasa hebu shika."

Akamtilia maranda ya bandani kiganjani. Yalikuwa makavu, mepesi, yakamwagika katikati ya vidole.

"Mbona mwezi uliopita harufu ilikuwa bado ipo?"

"Akili zangu hizo. Mwanzoni nilivikorogea kwenye uji wa moto, nikasema na wao wale kitu cha moto. Muuza dawa za mifugo alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe moto unaviua. Pakiti nzima nilikuwa napika maiti."

Mama mtoto alicheka hadi machozi. Mgongoni, mtoto naye akacheka, asijue cha nini.

Kisha Shangazi akapangusa mikono kwenye gauni, akaangalia kuku wake.

"Jumamosi nitawaeleza, lakini mwenye banda nani atamwamini? Nina ombi, mwanangu. Siku hiyo fua nepi zote, uje uzianike kwenye kamba yangu, hapa hapa mlangoni pa banda, wazinuse wenyewe. Zile nyeupe zitangulie."