Grupe haikuwa na kosa

Leo nimetukana grupe ya jirani, mashine yake ya umeme, mbele ya bibi harusi, na mashine ya watu haikuwa na kosa.

Ilikuwa ndoa ya mutoto wa dada yangu. Grupe nimeiazima kwa huyo jirani, Papa Ilunga, nikaileta kwa pikipiki. Nikavuta kamba, umeme ukaja, muziki ukalia. Bibi harusi akaanza kuingia kwa madaha...

Kimya.

Nikawasha tena. Akarudi mlangoni, akaanza upya.

Kimya tena!

Nikapaza sauti: "Karburateri njo imekufa! Papa Ilunga ametupa kitu kibovu!" Nikavua koti, nikafungua buji, ile plagi ya moto, shati ya harusi ikawa nyeusi.

Mke wangu akauliza: "Esanse iko?"

"Mama Feza, nimejaza mafuta mwenyewe!" Nikafungua kifuniko cha tenki nimuonyeshe.

Fyuuu! Tenki ikavuta hewa.

Chini ya kifuniko kulikuwa na sashe, kamufuko ka plastiki. Ile ya kuzuia esanse isimwagike njiani. Wote tunaweka, musijifanye! Sashe ilikuwa imeziba hewa, basi esanse haishuki, mashine inazimika.

Nani aliiweka? Mimi. Leo asubuhi.

Nikaitoa. Grupe haikuzimika tena, na bibi harusi amecheza mpaka akavua viatu. Mucheke tu, lakini museme kweli: ninyi mungeanza wapi?

Wakati wa chakula, Mama Feza akaniletea sahani imefunikwa. Nikamuuliza amenipakulia nini.

Akaiweka mbele yangu, akajibu:

"Papa Feza, safari hii anza na kifuniko."